Mzani Huja Kabla ya Jukwaa

Mwaka 2024 kakao ilifika bei ambayo mkulima wa Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, hakuwahi kuisikia. Katika masoko ya London na New York, tani moja ambayo mwanzoni mwa 2023 ilikuwa ikiuzwa kwa takriban dola 2,600 ilivuka dola 10,000 kabla ya katikati ya 2024, na mwezi Desemba ikapita 12,000. Msimu wa namna hiyo haukosi mtu wa kupanda jukwaani na kusema kwamba bei imepanda kwa sababu ya uongozi bora. Haukosi pia wa kumjibu kwamba uongozi haukufanya lolote, na kwamba mkulima amejinasua kwa jasho lake mwenyewe. Wote wawili hupigiwa makofi, mara nyingine na watu wale wale. Swali linalofaa kuulizwa baada ya makofi ni hili: nani kati ya wasikilizaji ana njia ya kujua yupi anasema kweli, na njia hiyo aliipata wapi?

Kijana wa Kyela, sawa na kijana wa popote Tanzania, hupewa mawaidha mawili yanayogongana. La kwanza ni kwamba aachane na siasa, ajiongezee ujuzi, kwa sababu siasa haipeleki mtoto shule. La pili ni kwamba ujuzi wake hautamfikisha mbali bila kiongozi mzuri, kwa hiyo amtafute huyo kiongozi na amshikilie. Makala haya yanapinga yote mawili kwa hoja moja. Kufikiri kwa kujitegemea kuhusu siasa hakuanzii kwenye siasa. Kunaanzia kwenye kazi ambayo mtu anaijua kiasi cha kuweza kuipima mwenyewe na kuruhusu wenzake waipime. Aliyezoea kupima kazi yake ana kipimo cha kumpimia kiongozi. Asiyezoea hubaki kuchagua sauti anayoipenda. Lakini ujuzi huo ukibaki shambani na usiingie mkutanoni, faida yake huchukuliwa na wengine.

Tuanze na ile bei. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mvua zilipoharibika huko na magonjwa yakashambulia miti na matunda, mavuno yalishuka, viwanda vya chokoleti vikagombania kidogo kilichopatikana, na bei ikaruka. Hakuna diwani, mbunge wala mkuu wa wilaya wa Kyela aliyekuwa na mkono katika hilo, kama ambavyo hakuna aliyekuwa na mkono bei ilipoporomoka 2025 na kushuka chini ya dola 7,000 kabla ya mwaka kwisha. Hapo msemaji wa kwanza amekosea. Lakini wa pili naye hajapatia. Dola 10,000 kwa tani ni dola 10 kwa kilo, na kwa kiwango cha wakati huo, shilingi zipatazo 2,600 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 26,000 kwa kilo katika soko la dunia. Mkulima hawezi kulipwa zote, kwa kuwa kuna usafiri, ghala, faida ya mnunuzi na ushuru. Kinachoweza kubadilika ni sehemu inayomfikia yeye. Kama anapata theluthi moja ya bei ya dunia au theluthi mbili, tofauti hiyo haitokani na mvua ya Côte d'Ivoire. Inatokana na jinsi mnada unavyoendeshwa, wanunuzi ni wangapi, makato ni mangapi, na nani anayasimamia. Hayo ni mambo ya uongozi. Anayetaka kumsifu au kumlaumu kiongozi kwa haki aiache bei yenyewe, atazame sehemu hiyo, na ailinganishe mwaka hadi mwaka.

Hesabu hiyo haihitaji shahada ya uchumi. Inahitaji kujumlisha, kutoa na kugawanya, na zaidi ya hapo inahitaji tabia ya kuuliza kitu kimesababishwa na nini. Tabia hiyo haifundishwi vizuri na hotuba. Inafundishwa na kazi ambayo ikikosewa inajionyesha, na kakao ni mwalimu mkali katika hilo. Tunda likishapasuliwa, punje na ute wake huvundikwa kwenye sanduku la mbao au hufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku tano hadi saba, huku zikigeuzwa ili joto lienee. Kisha huanikwa juani mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 7. Mwenye haraka akizitoa siku ya pili, hakuna maneno yatakayomsaidia. Katika ukaguzi wa kawaida wa ubora, punje 300 hukatwa katikati moja baada ya nyingine na kutazamwa ndani: iliyovundikwa vyema ni kahawia yenye mifereji, iliyoharakishwa ni ya zambarau, na ambayo haikuvundikwa kabisa ni ya kijivu. Kila aliyesimama pale anaona. Mwenye mzigo anaweza kuwa mwenyekiti au kibarua, mzee au kijana, punje haimjui.

Mazoezi hayo yana mambo matatu ambayo siasa zetu zinayahitaji sana. Kuna kigezo kilichokuwepo kabla ya ubishi kuanza, kwa hiyo hakiwezi kubadilishwa ili kumpendeza mtu. Matokeo yanaonekana na zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo ubishi unaweza kumalizika. Na kosa lina chanzo kinachotafutika: lilikuwa sanduku, zilikuwa siku, au lilikuwa jua? Ndiyo maana hasara ya kuuza kakao mbichi, biashara ambayo Kyela huitwa njemke, ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Anayeuza mbichi, tena mara nyingine ingali mtini kwa sababu ya deni, haoni mwisho wa kazi yake. Hajui punje zake zingekuwa daraja gani, hana mzani wa kulinganisha, na hana sababu ya kuuliza mnadani kumetokea nini. Amekwisha kutoka kwenye mazungumzo kabla hayajaanza.

Kwamba mzani unaweza kuzaa siasa si nadharia tu. Historia ya Tanganyika inaonyesha hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe waliochoka kupunjwa uzito waliweka waangalizi wao kwenye mizani ya wanunuzi. Kutokana na kazi hiyo ya kusoma mshale wa mzani kulikua vyama vya ushirika, na kutokana na vyama hivyo kukatokea Shirikisho la Victoria, ambalo kiongozi wake, Paul Bomani, aliingia katika baraza la mawaziri la nchi iliyokuwa ikijitawala. Kusini nako mambo hayakuwa tofauti sana. Jeremiah Kasambala, aliyekuwa kiongozi wa ushirika wa Rungwe wakati ambapo Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo, naye alifika kwenye uwaziri. Watu hawa hawakujifunza uongozi kwanza kisha wakatafuta cha kuongoza. Walijua kahawa, mpunga, pamba na hesabu za chama, na wanachama waliowachagua walijua vitu hivyo hivyo, hivyo waliweza kuwahoji. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuwapa mamlaka ya mazao kazi ya kununua, nchi haikupoteza maghala na malori peke yake. Ilipoteza darasa ambamo mkulima alikuwa akijifunza kumwajibisha mtu aliyemchagua kwa kutumia takwimu anazozielewa. Ushirika uliruhusiwa kurudi miaka ya 1980, ila tabia iliyokatizwa haikurudi kwa tangazo la serikali.

Hapa ndipo linapotokea pingamizi la kwanza, nalo lina nguvu. Kama ujuzi ndio mzizi, basi waliosema tuachane na siasa wana haki: kila mtu ashike kazi yake, aivundike kakao yake vizuri, na mengine yatajipa. Tatizo ni kwamba hayajipi. Kakao ya Kyela siku hizi huuzwa mnadani kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, na mfumo wa stakabadhi ghalani, na kati ya siku mkulima anapopima mzigo na siku fedha inapomfikia kuna maamuzi mengi ambayo hayafanyiki shambani: makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya halmashauri; siku ya mnada; masharti ya mnunuzi; nani anashika ufunguo na nani anatunza daftari. Mkulima hodari kuliko wote akikaa nje ya maamuzi hayo, uhodari wake unageuka kuwa neema ya mwingine. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa mamlaka ya juu ya chama. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inampa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na kijiji huongozwa na halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25 wanaowajibika kwa mkutano huo, unaotakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Wenye ujuzi wakisusia mikutano hiyo kwa kuiona ni siasa, haitafungwa. Itaendeshwa na waliobaki.

Upande wa pili kuna wale wanaoamini kwamba kazi kubwa ni kumpata kiongozi jasiri. Kyela ina mfano wake wa kitaifa, na unastahili kuchunguzwa kwa utulivu kwa sababu unafundisha zaidi ya kinachokumbukwa. Mwishoni mwa 2007 Bunge liliunda Kamati Teule kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura kati ya shirika la umeme, TANESCO, na Richmond Development Company, na mwenyekiti wake akawa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Taarifa ilisomwa bungeni 6 Februari 2008. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaondoka. Wengi walikumbuka ujasiri. Lakini nguvu ya taarifa ile ilikuwa ya aina nyingine: ilikuwa kazi ya kusoma zabuni, barua na mikataba, na kufuatilia usajili wa kampuni hadi Houston, Texas, ili kuona kama ilikuwa na uwezo iliodai kuwa nao. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria aliyeijua kazi ya mikataba. Ni ujuzi ule ule wa kukata punje na kutazama ndani. Na taarifa yenyewe ilikuwa na pengo ambalo msomaji makini angeliona: Lowassa alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji. Mtu huru kifikra angeweza kushikilia mambo mawili kwa pamoja, kwamba mkataba ule ulikuwa na kasoro nzito na kwamba mtuhumiwa alistahili kusikilizwa. Ni wachache walioshikilia yote mawili. Walio wengi walichagua upande.

Miaka saba baadaye pande zikabadilishana. Mwezi Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Dk. Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alikuwa amelitaja jina la Lowassa katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi. Mwezi Julai 2015, baada ya jina lake kukatwa katika mchakato wa chama tawala, CCM, wa kumpata mgombea urais, Lowassa alijiunga na Chadema na kuwa mgombea urais wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Slaa akajiondoa. Kuna waliomwita Lowassa fisadi kwa miaka minane ambao walianza kumwita mkombozi ndani ya wiki moja, na kuna waliomtetea ndani ya CCM kwa miaka hiyo hiyo ambao walianza kumwita fisadi wiki ile ile. Katika uchaguzi ule alipata asilimia 39.97 ya kura dhidi ya asilimia 58.46 za John Magufuli, na mwezi Machi 2019 akarudi CCM. Wakati huo wote karatasi za mkataba wa 2006 hazikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtu. Mwakyembe mwenyewe, baada ya miaka 15 bungeni na wizara kadhaa, alishindwa katika kura za maoni za chama chake Kyela mwaka 2020. Fundisho halihusu nani kati yao alikuwa mwema. Linahusu sisi: taifa linalomtegemea jasiri mmoja afikiri kwa niaba yake halibaki na kitu jasiri huyo akihama, akishindwa au akikosea.

Ng'ambo ya Mto Songwe, mwendo mfupi kutoka Kasumulu, Wamalawi walilijibu swali la nani anasema kweli kwa njia nyingine. Uchaguzi wa rais wa Mei 2019 ulimpa ushindi Peter Mutharika, lakini fomu nyingi za matokeo zilionekana zimefutwa na kuandikwa upya kwa wino mweupe wa kusahihishia. Wapinzani hawakuishia kwenye maandamano. Walipeleka fomu mahakamani. Baada ya miezi ya kusikiliza ushahidi wa karatasi, majaji watano walibatilisha uchaguzi tarehe 3 Februari 2020, na uchaguzi wa marudio wa Juni mwaka huo ukampa urais Lazarus Chakwera. Ujasiri wa majaji ulihitajika, bila shaka. Lakini kama mawakala wa vituo wasingejua kusoma fomu na kuitunza nakala, majaji wasingekuwa na cha kukatia shauri. Kwa hiyo uhuru wa mahakama ulisimama juu ya ujuzi wa maelfu ya watu wasiojulikana.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya jamii yenyewe: fikra za kujitegemea zinavunja umoja, na wahenga wamesema wengi wape. Kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, hoja hii ina historia ndefu. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti katika nchi hiyo kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi vijana walivyotoka kwenye boma la wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi na kwenda kujenga kijiji cha rika lao, ambamo kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kulihesabiwa kuwa shule ya hekima. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka 1951. Alieleza pia imani ya kwamba manung'uniko ya majirani, ile pumzi ya watu, yanaweza kumletea ugonjwa aliyevunja maadili, awe mtu wa kawaida au mtawala. Watafiti wa baadaye wamehoji kama mfumo ulikuwa umenyooka kiasi alichoeleza, na ni wazi kwamba wanawake hawakuwa na nafasi sawa na wanaume katika mazungumzo yale. Hata hivyo picha hiyo ina pande mbili. Marika yalimpa kijana jukwaa la kubishana na wenzake bila kumwogopa baba, na pumzi ya watu ilimzuia mtawala kujifanyia atakavyo. Pumzi hiyo hiyo ingeweza kumnyamazisha mtu mmoja mwenye hoja ya kweli.

Kwa hiyo suala si kuchagua kati ya mtu na kundi. Fikra huru hazikui upwekeni. Mtu anayejifungia na mawazo yake kwa kawaida hupotoka bila kujua, kwa kuwa hana wa kumsahihisha. Zinakua kwenye kundi lenye kigezo nje ya kundi lenyewe. Wakulima kumi wanaobishana kuhusu uvundikaji watafika mahali, kwa sababu mwishowe punje zitakatwa. Watu kumi wanaobishana kuhusu kiongozi, wakiwa hawana taarifa ya mapato na matumizi mbele yao, hawana pa kufika isipokuwa kwa aliye na sauti kubwa au fedha nyingi. Umoja wa kundi la kwanza unastahimili ubishi. Wa kundi la pili unauogopa. Julius Nyerere aliliona hili mapema. Katika kijitabu chake Tujisahihishe cha 1962 aliwaonya wanachama wa TANU dhidi ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeitoa. Kwamba chama chake kikawa cha pekee kisheria miaka mitatu baadaye kunaonyesha jinsi onyo linavyokuwa dhaifu pasipo chombo cha kulitekeleza.

Pingamizi la tatu ni la elimu: mwananchi wa kawaida hajasoma vya kutosha, na siasa za leo ni ngumu. Ushahidi wa nchi hii unapinga. Kati ya 1969 na 1975, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni za redio ambazo watu walizisikiliza kwa vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa majadiliano. Uchaguzi ni Wako ilitangulia uchaguzi wa 1970. Mtu ni Afya ya 1973 ilifikia watu wapatao milioni mbili, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, na watu walitoka kwenye vikundi wakaenda kuchimba vyoo. Haikuhitajika sekondari. Ilihitajika mada moja, maandishi machache, wenzao wa kujadiliana nao na kazi ya kufanya baadaye. Udhaifu wa kampeni zile haukuwa kwa wanavikundi. Ulikuwa kwamba maswali yalitungwa juu na chama kilichoshika hatamu, na katika uchaguzi wa rais jina lilikuwa moja. Vikundi vilifundishwa kujibu vizuri, havikuachiwa kuuliza. Mtu akitaka kufufua mbinu hiyo leo, abadilishe hilo tu: swali litungwe kijijini. Kwa nini makato yameongezeka? Daraja la mto lilitengewa kiasi gani? Nani alishinda zabuni, na kwa nini?

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni la njaa. Mwenye deni hawezi kumpinga anayemdai. Aliyepokea fulana, kilo mbili za sukari na ahadi ya nafasi ya kibarua hana anasa ya kutafakari. Sheria ya uchaguzi yenyewe iliwahi, tangu 2000, kuuhalalisha ukarimu huo wa wagombea kwa jina la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Hukumu ilifuta kifungu, haikufuta uhitaji. Pingamizi hili halijibiwi kwa kumhubiria maskini. Linakubaliwa, na kukubaliwa kwake kunaiongezea nguvu hoja ya makala haya, kwa kuwa hapo ndipo ujuzi na uhuru vinapokutana waziwazi. Mkulima anayeweza kuvundika, kukausha na kusubiri mnada, hata kama ni kwa gunia moja, amepunguza idadi ya watu wanaoweza kumwambia la kusema. Chama cha msingi chenye mfuko wake wa kukopeshana kabla ya mavuno kinafanya kazi ya siasa kuliko mikutano kumi ya hadhara, kwa sababu kinamwondoa mwanachama kwenye njemke. Uhuru wa mawazo una gharama, na ni heri jamii ijue gharama hiyo hulipwa kwa nini: hulipwa kwa akiba, kwa ghala na kwa ujuzi unaompa mtu kauli juu ya mali yake.

Lipo pingamizi la mwisho, kwamba mfumo wenyewe unambana anayefikiri tofauti. Ni kweli. Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na mbunge akihama chama anapoteza kiti. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala la mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba hilo ni jukumu la Bunge, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikatamka Juni 2013 kwamba zuio hilo linakiuka haki. Sheria hiyo inastahili kubadilishwa. Lakini inadhibiti nani anasimama kugombea, haidhibiti nani anauliza. Hakuna kifungu kinachomtaka mwanachama wa AMCOS awe na kadi ya chama ili aombe kusomewa hesabu, wala kinachomzuia mkazi kusimama katika mkutano wa kijiji na kulinganisha taarifa ya robo hii na ya robo iliyopita. Anayesubiri Katiba ibadilike ndipo aanze kufikiri ataikuta imebadilika naye hana la kusema.

Haya yote yanatupa namna ya kumpima kiongozi ambayo haitegemei ufasaha wake, kabila lake wala rangi ya bendera yake. Tuulize anaacha watu wa aina gani nyuma yake. Kiongozi wa AMCOS anayebandika ukutani uzito, bei ya mnada na kila kato, halafu akawafundisha wanachama kuyasoma, anazalisha watu wanaoweza kumwondoa. Huyo ni kiongozi hata akiwa hajui kuhutubia. Anayeficha daftari na kugawa fulana anazalisha watu wanaomhitaji, hata akileta barabara. Kipimo hicho kinamfaa mwenyekiti wa kitongoji na kinamfaa mbunge. Kwa mwananchi, kinadai kidogo kuliko ushujaa na zaidi kidogo kuliko kupiga kura kila baada ya miaka mitano: ajue kazi moja kiasi cha kuweza kusema hapa pamekosewa na kwa nini, ahudhurie mkutano mmoja ambamo kazi hiyo inaamuliwa, na atunze nakala ya kilichoandikwa. Bei ya kakao itapanda na kushuka kwa sababu zilizo mbali na Ziwa Nyasa. Sehemu ya bei hiyo inayobaki Kyela itaamuliwa Kyela, na itakuwa kubwa kwa kadiri ya idadi ya watu wanaoweza kuihesabu wenyewe.